Mzizi wa Popo

Harufu yake ni ya gunia lililonyeshewa, likaanikwa, kisha likakunjwa kabla halijakauka. Wiki iliyopita kijana mmoja aliyekuja likizo kutoka Ulaya aliniwekea kikopo cha marhamu kwenye kaunta ya duka la dawa ninapofanya kazi, akataka kujua kama anaweza kumpaka bibi yake magotini. Nilifungua, nikanusa, nikafunga. Nilimwambia, "Kaka, huu ni mzizi wa bangi, na kwa sheria zetu mmea huo ni marufuku, jani kwa mzizi. Kirudishe ulikokitoa, magoti ya bibi tuyatafutie kitu kingine." Alinisifu kwa kusoma lebo haraka. Lebo ilikuwa ya Kijerumani, na mimi Kijerumani sijui hata salamu.

Pua ndiyo iliyosoma. Ilijifunza harufu hiyo nilipokuwa na miaka tisa, ndani ya chumba kimoja Guangzhou, nyuma ya barabara ya Huanshi Zhonglu, na tangu hapo haijakosea.

Wa rika langu mnaikumbuka miaka ile. Kila mtaa ulikuwa na mama mmoja aliyekwenda China kufunga mzigo, akarudi na jinzi, taa za sebuleni na simu za laini mbili, majirani wakaanza kumwita Mama China. Wa mtaa wetu, Makambako, alikuwa mama yangu. Baba alikuwa ameshafariki. Baba mdogo ndiye aliyetubeba miaka miwili ile ya kwanza: alilipa ada yangu, alituzibia bati lililovuja, na siku moja alimfukuza kwa fimbo mlevi aliyezoea kuja kututukana mlangoni. Mama alipopata mtaji, na alipoona safari za kwenda na kurudi zinammaliza, aliamua kukaa kule kule awafungie wenzake mizigo, nami akanichukua. Niliingizwa kwenye shule ndogo ya watoto wa wafanyakazi waliotoka mikoani, ambako mwalimu mkuu hakuwa mtu wa kuuliza mengi. Baada ya mwaka na nusu nilikuwa nasema na kusoma Kichina kuliko mtu mzima yeyote wa kwetu niliyemjua, na kichwa kilikuwa kimenivimba kwelikweli.

Tulipanga kwa bibi mmoja wa Kichina, mjane, kwenye ghorofa ya sita ya jengo lisilo na lifti. Yeye alilala chumba cha mbele, sisi cha nyuma, jiko tukashirikiana. Kila mtu alimwita Popo, neno ambalo kwao ni bibi tu. Mama aliposikia mara ya kwanza alicheka mpaka akashika ukuta. "Bibi wa watu anaitwa popo, na anaitika!" Popo alizaliwa milimani, mkoa wa Guangxi, na hakuwahi kukalia dawati. Kwa hiyo nilikuwa macho ya wanawake wawili. Popo nilimsomea bili ya maji, iliyokuwa bado kwa jina la marehemu mumewe, na matangazo ya ngazini, mama nilimsomea risiti na anwani za viwanda vya jinzi kule Xintang. Wao wenyewe walizungumza kwa vidole, kwa maneno machache ya sokoni, na kupitia kwangu.

Ilikuwa miaka ya kukaguliwa. Askari walitokea ghafla kwenye jengo la maduka, wakafunga ngazi kuu, na kila mwenye rangi yetu akatakiwa kuonyesha paspoti. Viza ya mama ilikuwa imekufa miezi minne nyuma, na jamaa aliyekuwa akimshughulikia alikuwa ameacha kupokea simu. Alhamisi moja asubuhi mama yuko ghorofa ya tatu anakagua zipu za oda ya watu, mtu akapiga kelele, "Huzhao! Huzhao!" yaani paspoti, na wote wenye viza mbovu wakakimbilia ngazi ya nyuma. Mama alikanyaga mfuko wa nailoni. Ngazi kumi na moja zilizobaki alizishuka bila kuzikanyaga.

Aliyemwokota ni Bi Zuhura, mfanyabiashara wa Dar, rafiki yake wa damu kule ugenini. Alimwingiza kwenye teksi, akampandisha ghorofa sita ngazi moja moja, mama akiwa ameuma kitambaa ili asipige kelele. Nilipotoka shule niliukuta mguu wake wa kushoto umekuwa kitu kimoja kinene kuanzia vidoleni hadi karibu na goti. Kifundo hakionekani. Rangi ilikuwa ya zambarau zilizoiva kupita kiasi.

"Nipeleke hospitali, Zuhura," mama alisema. "Mficha maradhi, kifo humuumbua."

"Hiyo iseme ukiwa kwenu Makambako, shoga yangu. Hapa dirisha la kwanza tu wanataka huzhao. Watakufunga bandeji mguuni na pingu mkononi. Na huyu mtoto abaki na nani?"

Mama alinitazama. Habari ya hospitali hakuitaja tena.

Kesho yake tangazo lilibandikwa mlangoni kwa chini, na Popo akaniita nimsomee. Nilisoma kwa sauti ya kujidai, nikifuata kila neno kwa kidole. Ijumaa ijayo vyumba vyote vitakaguliwa. Mwenye nyumba atakayekutwa na mgeni asiye na karatasi ataadhibiwa. Atakayetoa taarifa mapema hatakuwa na kosa. Popo aliniambia nirudie hapo mwisho, nikarudia. Alijikuna kiwiko, kisha akapanda ngazi.

Siku hiyo hiyo Bi Zuhura alileta mpango. Alikuwa amepata chumba mtaa wa Kangle, nyuma ya karakana ya kushona nguo, kwa watu wasiouliza maswali. Shida ilikuwa geti. Jengo letu lilikuwa na mlinzi mmoja mmbea, na mwanamke wa Kiafrika aliyebebwa mgongoni asingepita mbele yake bila simu kupigwa mahali. Ilibidi mama ashuke ghorofa zote sita na kupita pale getini kwa miguu yake mwenyewe, akitembea kama mtu anayekwenda sokoni, kabla ya Ijumaa. Akishindwa, wangekuja kumchukua kitandani.

Jumamosi asubuhi Popo aligonga mlango wetu. Alikuwa na mfuko wa kaki ulioandikwa kwa wino, na ndani yake mizizi mikavu, mirefu kama kiganja, yenye nywelenywele pembeni.

"Meimei," aliniita, ndivyo wanavyomwita mtoto yeyote wa kike, "mwambie mama yako hii ni huoma gen. Mpwa wangu ameileta kutoka kijijini. Kwetu mtu akianguka mlimani, damu ikavilia, mfupa ukamlilia asilale, tunampa hii."

Nilitafsiri kwa ufundi wangu wote. Kwa Kichina, "huo" ni moto. Gen ni mzizi. Ile ma ya katikati sikuielewa kwa kuisikia tu, na kwa kuwa sikutaka kuonekana sijui, nikairuka.

"Anasema ni mzizi wa moto," nilimwambia mama.

"Moto upi tena jamani? Si unawaka tayari?" Lakini aliunyoosha mguu.

Popo aliiosha mizizi, akaikata, nusu akaichemsha kwa muda mrefu mpaka maji yakawa rangi ya chai ya rangi, nusu akaiponda kwa mpini wa kisu chake cha jikoni juu ya kibao. Maji yalipopoa ya kuvumilika mama alitumbukiza mguu kwenye beseni. Baadaye ule mponde uliwekwa juu ya kifundo na kufungwa kwa kipande cha kitambaa cha jinzi. Popo alimpa pia kibakuli anywe, mama akakikataa kwa kichwa. "Mwambie nashukuru, ila kunywa sinywi mpaka niijue." Popo hakubishana, akakimwaga kwenye beseni. Chumba kilinuka gunia bichi siku tano, na nguo zangu za shule zikanuka vilevile, mpaka mtoto niliyekaa naye dawati moja akasogeza kiti.

Mambo yakaanza kwenda. Jumatatu kifundo kilionekana tena. Jumanne vidole vilijikunja. Usiseme nilikuwa mtoto wa kucheza siku zile: nilikuwa nahesabu ngazi. Kila nikipanda na kushuka nilihesabu, ngazi mia moja na nane, na nilimwona mama akizishuka kichwani mwangu, na kila mara alianguka kwenye ya thelathini. Jumatano asubuhi, kabla sijaenda shule, mama alishika nondo za dirisha akasimama. Alisimama kwa mguu mmoja na nusu hivi, jasho likimtoka puani, akasema, "Kesho tunakwenda Kangle, mwanangu." Popo alikuwa mlangoni na beseni lake. Alipiga makofi mara moja, akacheka, na nikaona hana magego.

Siku hiyo hiyo, saa nne, mwalimu alitundika picha kubwa ubaoni. Ilikuwa na jani lenye vidole saba, na juu yake maneno mawili mekundu: da ma. Alituambia hiki ni kitu kinachowaharibu watu na kuwapeleka jela. Mimi jani nililijua kabla hajafungua mdomo. Kwetu Makambako kulikuwa na mzee aliyepanda vitu vyake katikati ya mahindi, na siku moja askari walikuja na gari, wakang'oa kila shina mbele yetu, wakayarundika barabarani mizizi ikiwa juu, myeupe, ina nywelenywele na udongo. Yule mzee alipandishwa garini akiwa peku. Sikuwahi kumwona tena.

Halafu nikalitazama lile neno la pili. Ma. Herufi yake ni paa, na chini ya paa miti miwili. Nilikuwa nimeiandika mara mia, maana ndiyo iliyomo kwenye mafan, usumbufu, neno ambalo wafanyabiashara wetu walilitamka kutwa nzima. Na ndiyo ile ile iliyokuwa katikati ya maandishi kwenye mfuko wa kaki wa Popo. Nilikuwa nimeiona kila siku tangu Jumamosi, na sikuwa nimeisoma, kwa sababu ya uvivu na majivuno. Mzizi wa moto!

Hesabu ya mtoto ni nyepesi kuifanya na haina mtu wa kuisahihisha. Ijumaa nimemsomea Popo kwamba atakayetoa taarifa hana kosa. Ameniambia nirudie. Jumamosi analeta bangi chumbani kwetu, mizizi ile ile niliyoiona barabarani. Kwa hiyo Popo ametutega. Polisi wakija hawatamkuta mama na viza iliyokufa tu, watamkuta na bangi, na mama atapandishwa garini akiwa peku. Niliona kila kitu, na nilijiona mimi peke yangu ndiye mwenye akili katika nyumba nzima.

Mwalimu akamalizia, "Mkiona kitu hiki popote, mwambieni jingcha shushu." Hivyo ndivyo watoto wa Kichina wanavyowaita polisi. Jingcha ni polisi, na shushu ni mdogo wake baba. Wenzangu walilisema neno hilo kama sisi tunavyomwita mwanaume yeyote mjomba au anko, bila kumaanisha lolote. Mimi nilikijua Kichina, lakini masikio yalikuwa bado ya Makambako. Shushu ni baba mdogo, na baba mdogo ni baba. Mtu anayekuita mtoto wa kaka yake hakuuzi. Nilimwona wa kwetu akiwa na ile fimbo mlangoni, mlevi anakimbia. Wazo langu lilikuwa zuri sana: nimwahi Popo. Nikitoa taarifa mimi, mama hana kosa, na baba mdogo polisi atatulinda na huyo bibi.

Tulipotoka kwa chakula cha mchana sikwenda nyumbani. Nilikwenda kwenye kibanda cha polisi pale pembeni ya Huanshi Zhonglu. Alikuwepo askari mmoja wa makamo, ana chupa ya chai yenye majani yanayoelea, na mwingine kijana anayeandika. Nilimsogelea yule wa makamo.

"Jingcha shushu, kuna mtu anampa mama yangu dama."

Aliweka chupa chini, akachuchumaa ili tulingane. "Unakijua Kichina vizuri! Nani anampa?"

"Popo, mwenye nyumba wetu. Anamfunga nayo mguuni. Inaitwa huoma gen."

Alianza kucheka, akageuka kumwambia mwenzake, na yeye akacheka. "Huoma gen! Meimei, watu wa Guangxi mbegu zake wanapikia supu. Huo ni mzizi tu, haumlevyi mtu. Mama mkubwa wangu aliuchemshia magoti maisha yake yote." Nilijisikia mwepesi mwili mzima, nikacheka nao. Kisha akauliza, kwa sauti ile ile nzuri, "Mguu wa mama umefanya nini?"

"Alianguka ngazini, kwenye jengo la maduka."

"Alikuwa anafanya nini ngazini?"

Nikamjibu. Ningeweza kusema lolote, nilikuwa na maneno ya kutosha ya lugha yake. "Alikuwa anawakimbia nyie," nilisema.

Hakucheka tena. Aliinuka, akavaa kofia, akamwambia kijana afunge daftari. Aliniuliza kwa upole kama nitawaonyesha nyumbani, nami nikawaonyesha.

Mama alikuwa amesimama dirishani akifanya mazoezi, hatua mbili kwenda, mbili kurudi, na Popo amepiga magoti akimfunga kile kitambaa cha jinzi. Mlango ulikuwa wazi. Popo alituona kwanza, akaacha kufunga. Mama aligeuka. Hakupiga kelele na hakulia, alikaa kitandani taratibu, akaweka mikono mapajani, akauliza kwa Kiswahili, "Nani kawaleta hawa?"

Askari akaniuliza mama amesema nini. Popo naye akaniuliza, "Meimei, amesema nini?" Yeye nilimjibu, kwa sauti ambayo sikuisikia mwenyewe, "Anauliza ni nani aliyewaleta."

Popo alinitazama. Aliwatazama askari, akanitazama tena mimi, chini mpaka juu, na nikajua ameelewa yote. Alijifuta mikono kwenye suruali. "Mimi," alisema. "Mimi ndiye niliyewaita. Mwambie mama yako."

Yule askari wa makamo hakumsahihisha, akaenda kutazama nje ya dirisha. Nami nikatafsiri. Nilitafsiri vizuri, bila kuruka neno. "Mama, Popo anasema ndiye aliyewaita."

Mpaka leo sijui yule bibi alikuwa anamwokoa nani. Labda mimi. Labda yeye mwenyewe, maana mwenye nyumba aliyetoa taarifa hakuwa na kosa, nilimsomea mwenyewe mara mbili. Mtu mzima anaweza kufanya yote mawili kwa neno moja. Ninachojua ni kwamba mama alitikisa kichwa polepole akasema, "Popo ni popo. Si ndege, si mnyama." Kisha akaniambia nimpe sweta lake, maana huko wanakompeleka huenda kuna baridi.

Alishuka kwa miguu yake. Ngazi zote mia moja na nane, askari mmoja mbele na mmoja nyuma, na hakuanguka kwenye ya thelathini wala popote. Nilimsikia akivuta pumzi kila kona mpaka chini.

Walimweka siku tisa, kisha wakaturudisha nyumbani. Siku hizo tisa nililala kwa Popo. Bi Zuhura alifika mlangoni mara moja, akamtupia Popo maneno ya Kiswahili cha Kariakoo ambayo siwezi kuyaandika hapa, akataka kunichukua, na mimi nikakataa kwa sababu ambayo sikuweza kumwambia. Popo alinipikia supu ya mbegu zile, nzito, nyeupe, tamu kidogo, na kila siku alinisindikiza hadi geti la shule. Alichemsha mzizi, akaujaza kwenye chupa, na yule askari wa makamo akaja kuichukua ampelekee mama akauoshee mguu. Hatukuzungumza jambo lile hata siku moja. Siku ya kuondoka nilitaka kumwambia samahani, na Kichina changu chote kikanikimbia. Nilimwinamia tu, nikashuka.

Leo nauza dawa, na nimesoma kuhusu mzizi huo kuliko ilivyo lazima. Vitabu vya kale vya Wachina vinautaja kwa damu iliyovilia, kwa maumivu ya mfupa yasiyovumilika, na kwa mzazi ambaye kondo la nyuma limekataa kutoka. Wazungu wa zamani waliuchemsha wakaubandika kwenye jongo, kwenye viungo vilivyokakamaa na kwenye majeraha ya moto. Siku hizi husagwa, ukachanganywa na nta, ukauzwa kwenye vikopo vizuri. Kile kinacholevya kwenye maua na majani, mzizini karibu hakimo. Vimo vitu vingine vinavyodhaniwa kutuliza uvimbe, na wanaovipima hawajamaliza. Kwa hiyo ukiniuliza kama uliuponya mguu wa mama, nitakujibu kama mtu wa dawa: alikaa pia siku sita mguu ukiwa juu ya mito miwili, na hiyo peke yake ni tiba. Picha iliyopigwa tuliporudi ilionyesha mfupa ulikuwa na ufa, umeunga ukiwa umepinda kidogo. Ukiniuliza kama mtoto aliyekuwa chumbani mle, nitasema nilimwona akisimama.

Mvua za Makambako zikianza, kifundo kile humuuma mama, na kila kikimuuma humsimulia mgeni yeyote aliyepo habari ya bibi wa Kichina aliyemponya kwa mkono mmoja akamuuza kwa mwingine. Watu husikitika. Humalizia kwa kusema, "Kikulacho ki nguoni mwako." Nimeusikia msemo huo jikoni kwetu, kanisani, kwenye misiba, na kila mara niliinuka nikaenda kutafuta kitu cha kufanya nje. Niliolewa nikiwa nao. Nilimzaa mwanangu wa kwanza, mama akaja kunilea, akausema tena akimwosha mtoto.

Mwaka juzi nilishindwa. Tulikuwa tumekaa uani tunapukuchua maharage mabichi, mvua inanukia, na mama akaanza kujikanda kifundo. Kabla hajafika kwa Popo nikamwambia, "Mama, si yeye. Ni mimi niliyekwenda kuwaita." Nikamweleza yote, jani, mwalimu, shushu. Nilikuwa na miaka ishirini na kitu na nilikuwa nalia kamasi zikinitoka.

Mama aliendelea kupukuchua.

"Najua," alisema.

"Unajua tangu lini?"

"Tangu mlipoingia mlangoni. Ulikuwa umemshika mkono yule askari mkubwa. Umemshika hivi, vidole ndani ya vidole, ulivyokuwa unamshika baba yako mdogo."

Mkono huo sikuukumbuka. Nimejaribu tangu siku ile kuukumbuka, na bado siupati.

"Sasa mama, mbona miaka yote hii unamsema Popo wa watu?"

"Mwenzio amejitwisha mzigo wa mwanao mbele ya polisi. Wewe utamtua?" Aliutikisa ungo, akapuliza maganda. "Na wewe kila niliposimulia ulikuwa ukinitazama machoni kabla hujatoka nje, unatafuta kama najua. Nikaona bora nimseme yeye kwa nguvu, upate kulala. Bibi yule aliisikia sauti yangu siku ile. Nadhani alijua kwamba nimeelewa."

Kisha akasema kwamba kila Jumapili, tangu turudi, humwombea, na kwamba padri wetu mpya amewaambia wamtaje mtu kwa jina lake kamili wanapoombea marehemu, na yule bibi kwa umri ule lazima ameshafariki. Akaniuliza jina lake la kweli ni nani.

Nilifungua mdomo nimwambie. Miaka miwili nilikaa kwenye nyumba yake, nikamsomea kila karatasi iliyoingia mlangoni. Sikuwahi kumuuliza.